Wigo wa Minyaa Kuzunguka Bustani

Safari hii sitasema juu ya mahindi wala tumbaku. Nataka tuzungumze juu ya mti ambao unapita karibu nao kila siku, na pengine huutazami mara mbili. Mti wenyewe ni mnyaa. Wengine mnauita manyara.

Mwaka jana, kiangazi kikiwa kinakwisha, nilikwenda kumtembelea mama mmoja hapa Tabora, upande wa Kwihara. Mama huyu ana bustani ya mboga bondeni. Analima mchicha, nyanya na bamia, na fedha ya mboga ndiyo inayomlipia daftari na sare za watoto. Nilipofika nilimkuta amesimama katikati ya matuta, mikono kiunoni. Usiku ule mbuzi walikuwa wameingia na kumaliza kila kitu. Wigo wake wa fito na miiba ulikuwa umeliwa na mchwa chini kwa chini, ukalala wenyewe. Nikamsalimu, naye akaniambia, "Bwana shamba, wewe ulinifundisha kupanda. Hukunifundisha kuzuia."

Ndugu yangu, maneno yale yalinichoma, kwa sababu yalikuwa ya kweli. Sisi wataalamu tunasema sana juu ya mbegu na mbolea, lakini juu ya wigo tunanyamaza.

Hebu tupige hesabu pamoja. Chukua bustani yenye meta 20 kila upande. Kuizunguka yote ni meta 80. Ukisimamisha nguzo moja kila nusu meta, unahitaji nguzo 160. Bado hujahesabu fito za kulaza wala kamba za magome. Nguzo hizo unazikata wapi? Unazikata katika miyombo ileile ambayo tayari tunaikata kwa kuni za kupikia na kwa mabani ya kukaushia tumbaku ya mvuke. Mchwa akishazila, unarudi tena porini na shoka begani, na kila mara unakwenda mbali zaidi. Halafu mbuzi wa jirani akiingia, mnapelekana kwa mwenyekiti wa kijiji, na udugu unaharibika kwa ajili ya mchicha.

Sasa wazee wetu walifanyaje? Tabora ilikuwa njia panda ya misafara. Wapagazi walitoka Bagamoyo, wakapita Ugogo, wakafika hapa, na kutoka hapa wengine waliendelea Ujiji na wengine Karagwe. Mwaka 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walifika Kazeh, ambayo ni Tabora hii ya leo. Burton aliandika habari za vijiji vya Unyamwezi vilivyozungushiwa wigo wa minyaa. Nyakati zile zilikuwa za vita na za kukamata watu, na wigo ulikuwa wa kuokoa roho. Leo adui yetu ni mbuzi na ng'ombe, lakini mti ni uleule. Ukitembea porini ukakuta minyaa mirefu imesimama kwa mstari, jua umefika kwenye mahame. Watu walihama zamani, nyumba ziliyeyuka kwa mvua, wigo ukabaki.

Kwa nini mnyaa unadumu hivyo? Majani yake ni madogo sana na hudondoka mapema. Kazi ya majani hufanywa na vijiti vyenyewe, ndiyo maana ni vya kijani mwezi wa Oktoba wakati miti mingine imekauka. Ndani yake kuna utomvu mweupe kama maziwa, wenye sumu na kuwasha. Kwa sababu ya utomvu huo mbuzi haulishi na ng'ombe hapendi kuusogelea. Tena hauhitaji mbegu. Unakata kijiti, unachomeka, unaota.

Lakini kuchomeka nako kuna utaratibu wake. Watu wengi huniambia, "Nilipanda, ikaoza." Sababu ni kwamba walikata leo wakapanda leo, tena katika udongo uliolowa chepechepe. Fanya hivi.

Mwishoni mwa Oktoba, kabla mvua hazijashika, tafuta minyaa yenye afya. Kata matawi yenye unene wa kidole gumba au zaidi kidogo, na kila kipande kiwe na urefu wa nusu meta hivi. Yapange kivulini, mahali ambapo watoto hawafiki, uyaache kwa muda wa siku nne hadi saba. Katika siku hizo kidonda cha pale ulipokata kinakauka na kufunga. Usiyamwagie maji.

Mvua za kwanza za Novemba zikilainisha ardhi, chimba mfereji mwembamba kuzunguka bustani, au toboa mashimo kwa mti wenye ncha. Chomeka kila kipande kwenda chini sentimeta 15 hadi 20, upande uliokatwa ukiwa chini, kisha shindilia udongo kwa mguu. Kutoka kipande hadi kipande acha sentimeta 30. Kwa bustani yetu ya meta 80, mstari mmoja utahitaji vipande karibu 270. Wigo mzuri una mistari miwili, nayo ipishane kama meno ya msumeno, ili kipande cha nyuma kizibe pengo la mbele. Kwa hiyo tayarisha vipande 540, na vichache vya akiba. Usiogope hesabu hiyo. Minyaa mitatu au minne mikubwa ya kwenye mahame inaweza kukutosha.

Acha meta moja kati ya wigo na tuta la kwanza la mboga, mizizi na kivuli visije vikanyang'anya chakula cha mazao. Usipande mnyaa kando ya kisima wala bwawa la samaki, maana utomvu wake huua samaki. Na penye mbuga ambapo maji hutuama, usipande kabisa, utaoza.

Nataka niseme ukweli usije ukanilaumu. Wigo huu si wa msimu mmoja. Mwaka wa kwanza vijiti vitakuwa vifupi, basi weka matawi ya miiba kwa nje kuvisaidia. Mwaka wa pili ziba mapengo kwa vipande vipya. Kuanzia mwaka wa tatu utaanza kuona wigo wenyewe. Pia matawi ya mnyaa hukatika upesi. Ng'ombe hali, lakini akisukumwa na wenzake anaweza kupasua njia. Ndiyo maana nasema mistari iwe miwili, na wigo ukatwe kila mwaka.

Kukata ndiko kunakofanya mnyaa uwe wigo. Ukiuacha utakua mti mrefu, juu kumejaa, chini kupo wazi, na mbuzi atapita kama anapita mlangoni. Kila mwaka, ukishavuna na ardhi imekauka, punguza vichwa. Mara ya kwanza kata kwenye kimo cha goti, mwaka unaofuata kiunoni, kisha uushikilie kifuani. Kila unapokata panachipua matawi mengi, na wigo unanenepa kuanzia chini. Vipande utakavyokata usivitupe; jirani yako anavihitaji.

Sasa, ndugu mkulima, nisikilize vizuri zaidi hapa. Mimi mwenyewe nilipokuwa bado kijana, najifunza kazi hii, nilikata minyaa bila kujihadhari. Nilikuwa nakata tawi la juu ya kichwa changu. Tone moja likaingia jichoni. Mwanzoni niliona ni mwasho mdogo, nikafuta kwa mkono wenye utomvu uleule, nikaendelea na kazi. Usiku sikulala. Jicho lilivimba, lilitoa machozi, na asubuhi nilikuwa naona ukungu mtupu. Nilitibiwa hospitali, nikapona baada ya siku kadhaa, lakini hofu ya kupoteza jicho sijaisahau hadi leo.

Kwa hiyo shika mambo haya. Vaa shati la mikono mirefu, glovu, na miwani kama unayo. Upepo uwe mgongoni kwako. Usikate kitu kilicho juu ya uso wako. Watoto wasiwe karibu, na wasichezee vijiti kamwe. Ukimaliza osha mikono, panga na nguo kwa sabuni kabla hujagusa uso au kumbeba mtoto. Matawi mabichi usiyatie jikoni, moshi wake unawasha macho.

Na kama utomvu umeingia jichoni, usisugue. Hapohapo mimina maji safi mengi, kichwa ukikiinamisha upande ili maji yasiingie jicho la pili, na uendelee kwa dakika 15 au zaidi. Kisha nenda zahanati siku hiyohiyo, hata kama maumivu ni kidogo, kwa sababu maumivu ya mnyaa huongezeka kadiri saa zinavyopita. Usitie maziwa, usitie dawa ya majani, wala dawa ya macho iliyobaki ya mtu mwingine.

Kabla sijamaliza, nijibu swali ambalo naulizwa sana na akina mama wa mjini. Wanauliza juu ya minyaa yenye ncha nyekundu inayouzwa kwenye vitalu vya maua. Naam, ni mnyaa uleule, ila ni aina iliyochaguliwa kwa rangi yake. Hukua polepole, basi hufai kwa wigo wa bustani ya mboga, bali hupendeza sana mbele ya nyumba. Uupande juani kabisa. Kivulini hurudi kuwa kijani. Wekundu huzidi wakati wa baridi na ukame, miezi ya Juni na Julai huku kwetu. Vijiti vichanga ndivyo vyekundu, vikizeeka hubadilika, basi punguza kila mwaka upate vichanga. Nchi za theluji kama Kanada wana kichaka kingine kabisa, chenye fito nyekundu, nao watunza bustani wa huko hukikata karibu na ardhi kwa sababu hiyohiyo. Wewe usiige mpaka huko; mnyaa wako uachie kimo cha goti. Na kumbuka kwamba wekundu hauondoi sumu. Kama una watoto wanaotambaa, subiri wakue kwanza.

Yule mama wa upande wa Kwihara tulipanda naye Novemba iliyopita. Wanawe wakubwa walichimba mfereji, yeye akachomeka, mimi nikakata, nikiwa nimevaa miwani. Vipande vingi vimeshika. Bado ameweka miiba kwa nje, na mbuzi bado wanachungulia. Lakini safari hii hakwenda porini kutafuta nguzo, na mchicha wake ameuvuna mwenyewe.

Basi, ndugu mkulima, Oktoba haiko mbali. Tazama karibu na kwako minyaa iko wapi, ukaombe kwa mwenyewe kabla hujakata. Pima bustani yako kwa hatua, ujue unahitaji vipande vingapi. Ukikwama, muulize afisa ugani wa kata yako, ndiyo kazi yake. Mpaka tutakapozungumza tena, nakutakia kazi njema.