Fundo la Ndoana



Nimeombwa niseme machache kabla ya safari yetu ya kesho kwenye gati la Southend. Gati lile lina urefu unaozidi kilomita 2, na baadhi yenu mtashika mshipi kwa mara ya kwanza. Kuhusu samaki sitasema kitu, kwani samaki ni riziki. Nitasema juu ya fundo linaloshikanisha ndoana na mshipi, maana hapo ndipo mvuvi mgeni humpoteza samaki wake, na samaki naye huondoka na chuma mdomoni.

Waliovua kwa mshipi wa pamba walitosheka na fundo la kawaida, likarudiwa mara mbili. Pamba ikirowa huvimba, na nyuzi zake hushikana. Nailoni, iliyobuniwa Marekani mwaka 1935, haina tabia hiyo. Ni laini na inateleza. Fundo lile lile hufunguka polepole, au huukata mshipi pale unapojibana. Basi kijana akimwambia babu yake kwamba fundo la pamba halifai kwa nailoni, hakumvunjia heshima, mradi aseme kwa adabu na awe amelivuta kwanza akaona.

Sasa tazameni mikono yangu. Pitisheni ncha ya mshipi katika tundu la ndoana, ibaki kama shubiri moja. Izungusheni ncha hiyo juu ya mshipi wenyewe mara tano au sita. Karibu na tundu pana kitanzi kidogo. Kizuieni kwa kidole kisijifumbe. Irudisheni ncha, ipite ndani ya kitanzi hicho. Kwa kupita hapo imezaa kitanzi cha pili, kikubwa zaidi. Ipitisheni humo pia. Wenye haraka huiacha hatua hii, na ndiyo inayoizuia ncha isichomoke.

Kabla ya kukaza, lirowesheni fundo kwa mate. Naona akina mama wanacheka, lakini si mzaha. Nailoni ikijisugua kavu hupata joto, na joto huidhoofisha hata kama jicho halioni ila yoyote. Kisha vuteni mshipi polepole, mizunguko ijipange ubavu kwa ubavu. Mmoja ukipanda juu ya mwenzake, msijidanganye: kateni, mfunge upya. Shubiri ya nailoni haina thamani ya kuhurumiwa. Mshipi ukiwa mnene, mizunguko mitatu au minne yatosha, kwani mingi haikazi vizuri.

Ncha inayobaki ikateni, mwache kiasi cha nusu punje ya mchele. Vipande vilivyokatwa vitieni mfukoni; ndege wa pwani hunaswa miguu navyo.

Ombi langu jingine ni la lugha. Mshipi, ndoana, chambo, chubwi: maneno haya manne wazee waliomo humu wanayo, na watoto wengi hawajayasikia. Kesho tuyaseme, tukiwa tumeshika vitu vyenyewe.

Pale mezani nimeweka nailoni na ndoana kubwa zilizokatwa makali. Kila kijana akae na mzee mmoja. Wazee ambao macho yamechoka wasijali. Fundo hili hufungika kwa vidole peke yake.