Nambari 47,564,296

Jioni hii nina nambari moja tu: 47,564,296. Ndiyo hesabu ya watu wa Kenya usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2019, makarani wa sensa walipoanza kupita nyumba kwa nyumba na vishikwambi mkononi. Wengi huisoma wakitafuta mgao wao. Mimi naomba tuifungue tuone imeundwa na nini.

Tuanze mkiani. 296 ni 37 mara 8, na kila elfu inagawanyika kwa 8, kwa hiyo nambari nzima inagawanyika kwa 8 bila baki. Sasa zitazameni koma. Zimeikata vipande vitatu: 47, 564 na 296. Jumlisheni vya pembeni, mpate 343. Kitoeni hicho katika 564, inabaki 221, ambayo ni 13 mara 17. Basi 13 inaigawa Kenya nzima, asibaki nje hata mtu mmoja! Siri imo katika 1,001, idadi ile ile ya masiku ya Alfu Lela Ulela: ni 7 mara 11 mara 13. Elfu imepungukiwa na moja tu kuifikia, ndiyo maana kila tunapovuka koma, kujumlisha kunageuka kutoa. Nimeifundisha njia hii miaka mingi na bado hunisisimua.

Vigawo tasa vyote ni hivi: 2 mara tatu, 13, 19 na 24,071. Kuhakikisha kwamba hiyo ya mwisho ni tasa kunataka kuijaribu kwa nambari tasa 36, kuanzia 2 hadi 151. Wanafunzi, fanyeni kwa kalamu. Na kaunti zetu 47? Nambari inaanza na 47, lakini ukiigawa kwa 47 wanabaki watu 14.

Turudi kwa 13, safari hii jijini Nairobi. Kaunti ndogo ya Westlands ilihesabiwa watu 308,854. Toeni 308 katika 854, mpate 546, yaani 13 mara 42. Nayo ni kigawe cha 13! Dagoretti, yenye watu 434,208, si kigawe chake, wala Nairobi nzima yenye 4,397,073.

Sasa tuseme karani alimkosa mtu mmoja, mlinzi wa usiku wa Kangemi aliyekuwa lindoni mlango ulipobishwa. Jumla ni 47,564,295. Vigawo tasa vyote vya mwanzo vimetoweka, hakuna hata kimoja kilichosalia. Vimeingia 3 na 5. Si bahati. Nambari inayozigawa jirani mbili lazima iigawe tofauti yao, na tofauti hiyo ni 1. Kwa wazo hilo hilo Euclid alionyesha, yapata miaka 2,300 iliyopita, kwamba nambari tasa hazina mwisho. Mtu mmoja hubadilisha kila kigawo tasa cha taifa, na sijui hoja nzito kuliko hiyo ya kumtaka karani arudi kubisha tena.

Jumla yetu ilikuwa wanaume 23,548,056, wanawake 24,014,716 na huntha 1,524, kundi ambalo sensa ya Kenya ililihesabu peke yake kwa mara ya kwanza mwaka huo. Waacheni nje hao 1,524, inabaki 47,562,772. Kwa njia yetu ya koma: 47 na 772 ni 819, toeni 562, inabaki 257. Kumi na tatu haiingii tena, kwa maana 257 yenyewe ni tasa.