Imani Yetu na Mizani ya Vigwaza

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya imani ya Mkristo katika dunia hii ya mitambo. Mimi si padri wala si mhandisi. Ni mwalimu mstaafu na mkulima wa mihogo huko Vigwaza. Kwa hiyo nitasema ya nyumbani.

Wengi wenu mnaipita Vigwaza mwendapo Morogoro, na mnaikumbuka kwa jambo moja: mizani. Malori ya Zambia, Kongo na Rwanda hupimwa pale. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inataka uzito wa gari pamoja na mzigo wake usizidi tani 56. Lakini madereva wanajua kwamba hilo peke yake halitoshi, maana kila ekseli nayo ina kipimo chake. Lori laweza kuwa na uzito halali kwa jumla, na bado likazuiwa kwa sababu mzigo umelalia mahali pamoja. Hapo utingo hana budi kupanda juu na kuupanga upya.

Ndugu zangu, sisi Wakristo wa pwani hatuna sababu ya kuviogopa vyombo. Mapadri wa Roho Mtakatifu walipofika Bagamoyo mwaka 1868, hawakuanzisha kanisa tu. Walianzisha pia mashamba na karakana, wakawafundisha kazi za mikono watu waliokombolewa utumwani. Chuma kilichofanya minyororo ndicho kilichofanya majembe na misumeno. Chuma hakikubadilika, kilichobadilika ni mkono uliokishika na kusudi la mkono huo.

Sisi tulipokuwa shuleni habari zilitufikia kwa redio na kwa barua. Televisheni yenyewe haikuanza Bara mpaka mwaka 1994. Leo mjukuu wangu ana redio, televisheni, posta na benki ndani ya mfuko wa suruali, na mimi ninavyo vilevile. Hapa, Ndugu Mwenyekiti, naomba niungame mbele yenu.

Miaka michache iliyopita jumuiya yetu ilichanga fedha za bati za kanisa. Siku moja ukaingia ujumbe katika simu yangu: fedha hazionekani, na aliyezila ni kijana fulani, mwendesha bodaboda, ambaye alikuwa akitumwa kuzipeleka kwa wakala. Sikumwuliza mtu. Niliona uchungu, nikaurusha ujumbe ule katika makundi matatu, na juu yake nikaandika kwamba vijana wa siku hizi hawana hofu ya Mungu. Kazi hiyo haikunichukua hata dakika moja.

Watu waliamini kwa sababu ujumbe ulitoka kwa Mwalimu. Kijana akakosa abiria. Alipopita, watu walinyamaza. Mwisho akahamia Mlandizi. Baada ya wiki mbili ikajulikana kwamba mtunza fedha wetu mwenyewe alikosea tarakimu moja ya namba ya simu alipotuma. Fedha zikarudishwa, zote kamili.

Niliandika samahani katika makundi yale yale. Kisha nikaenda kwa mama yake. Alinikaribisha, akanipa kiti, akasema, "Mwalimu, samahani yako nimesomewa. Lakini mwanangu hasemwi kwenye simu tu. Anasemwa kisimani na sokoni. Huko nako utafika?" Sikuwa na jibu. Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya waumini, nikasema nimemsingizia kijana wa watu. Baadaye nilimfuata Mlandizi. Alinishika mkono kwa adabu, "Shikamoo Mwalimu," lakini hakurudi Vigwaza. Mpaka leo hajarudi.

Ndugu zangu, amri ya kutoshuhudia uongo haikusema isipokuwa kwa simu. Wenzetu Waislamu waliomo humu wananikumbusha kwamba Sura ya Al-Hujurat nayo inaagiza habari ichunguzwe kwanza, wasije watu wakadhuriwa bure. Tena serikali yetu ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Lakini sheria humkamata mtu baada ya mzigo kumwagika. Mizani ya dhamiri hupima kabla ya safari.

Na mizigo inazidi kuwa mizito. Sasa iko akili mnemba, iwezayo kuiga sauti ya mtu na uso wake. Papa Fransisko aliifanya kuwa mada ya ujumbe wake wa Siku ya Amani Duniani, Januari 1, 2024. Papa Leo wa 14 naye, alipochaguliwa Mei 2025, aliwaeleza makardinali kwamba jina lake linamkumbuka Leo wa 13, ambaye mwaka 1891 aliandika juu ya haki za wafanyakazi katika zama za viwanda. Kwa hiyo si sisi wazee wa Vigwaza tu tunaojiuliza.

Sishauri tuzitupe simu. Bila simu wengi wetu tusingekutana hapa leo. Ninashauri tuupange mzigo upya, usilalie ekseli moja. Katika kundi letu hili la wanafunzi wa zamani tukubaliane mambo matatu. Habari inayomtaja mtu kwa ubaya isirushwe kabla mtu huyo hajaulizwa. Aliyekosea asahihishe mbele ya wale wale aliowapotosha. Na mwenzetu akiugua au akifiwa, maneno ya pole katika simu yasichukue nafasi ya miguu yetu.

Mimi nilijifunza nimechelewa, na kwa gharama ya mtoto wa mwenzangu. Ninyi jifunzeni kwa bei nafuu.