Ibonyezeni Kwanza

Wahitimu wetu wa utengenezaji wa vikaragosi, nimepewa dakika chache, na zote nitazungumzia sponji.

Kikaragosi cha mdomo huchezeshwa mkono ukiwa umenyooshwa juu ya kichwa, nusu saa au zaidi. Gramu mia ambazo mezani huzihisi, huko juu zinakuwa mzigo. Tena lugha yetu inadai mdomo mwepesi, maana silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu. Kusema tu "karibuni wageni" mdomo unafunguka mara saba. Sponji ikiwa ngumu inashindana na kidole gumba, silabi mbili tatu zinamezwa, na mtoto aliyeketi mbele anaacha kumwona mhusika, anaona kitambaa.

Ndiyo maana nawaambia, wanangu: ibonyezeni kabla hamjatoa hela. Didimizeni gumba mpaka lifike chini, kisha mwachie. Sponji nzuri huinuka papo hapo. Inayobaki na shimo haifai, hata kama ni ya bei ya kutupa. Mkipata kipande chembamba, kipulizeni. Pumzi ikipita upande wa pili, vitundu vyake viko wazi, nayo itapinda vizuri. Isiyopitisha pumzi, kama ile ya ndala, msiitupe, inafaa kwa kaakaa ndani ya kinywa. Mkikutana na muuzaji anayejua vipimo, ombeni ya kilo 20 hadi 30 kwa mita moja ya ujazo.

Ile ya madoadoa ya rangi, iliyogandishwa kwa chengachenga, ni nzito na hufikichika ukiikata nyembamba. Niliwahi kuinunua ikiwa imefungwa ndani ya nailoni, sikuigusa, nikamwamini muuzaji. Taya la babu niliyemtengeneza lilichanika katikati ya onyesho, mbele ya darasa zima la watoto. Mmoja akaanza kulia akidhani babu ameumia. Sijasahau kilio kile.

Sasa sponji nzuri mtaipata wapi? Kwa walio Dar es Salaam, nendeni Keko kwa mafundi samani. Wanapokata mito ya makochi, pembeni panabaki vipande ambavyo kwao ni vya kujazia tu, na kwenu ni pua, masikio na nyusi. Mkifika, amkieni. Fundi aliyewazidi umri mpeni shikamoo yake, kaeni kidogo, ndipo mseme shida yenu. Zungumzeni kwa inchi, maana ndicho kipimo chao: karatasi ya nusu inchi kwa kichwa cha kuunganisha, bonge la inchi sita au nane kwa cha kuchonga. Mimi nawashauri cha kuunganisha. Ndani kinabaki wazi, kwa hiyo ni chepesi, na kiolezo kimoja kinawazalia vichwa kumi.

Godoro kuukuu liacheni. Mwanga na miaka huigeuza sponji kuwa ya njano, kisha ikaanza kupukutika, na gundi haishiki vumbi. Mabaki safi ni jambo lingine kabisa. Mwaka 1955 mchezesha vikaragosi Jim Henson alitengeneza kikaragosi chake Kermit kwa koti kuukuu la mama yake, na macho akayatoa kwenye mpira wa tenisi ya meza aliouchana nusu. Baadaye alipata vifaa vya kila aina, lakini Kermit alitoka katika vitu vya nyumbani.

Mkirudi karakanani, kateni kwa wembe mpya, ukiwa umesimama wima. Ukilala, ukingo unakuwa wa mshazari na mshono utaacha ufa shavuni. Pakeni gundi pande zote mbili, subirini mpaka isinate kidoleni, ndipo mkutanishe, kwa sababu ikishashika haiachii. Fungueni madirisha. Na sponji isikae karibu na jiko wala mshumaa. Huwaka haraka mno, na moshi wake ni sumu.

Vyeti vyenu mtapokea sasa hivi. Jumatatu asubuhi, kabla mafundi hawajafagia vipande vya Jumamosi, nawaomba muwe mmeshafika Keko.