Kiduha Huitwa na Njaa ya Udongo

Ndugu wakulima wa Musoma, Bunda na Butiama,

Azimio la Iringa la mwaka 1972 lilitufundisha kwamba siasa ni kilimo. Na kilimo bora huanza kwa kumjua adui. Kiduha, chenye maua ya rangi ya waridi katika mashamba yetu ya mtama, si mkosi wala si uchawi.

Mche wa nafaka huongozwa tangu siku zake za kwanza na vichocheo vya asili vinavyotengenezwa ndani yake. Kimojawapo ni strigolaktoni. Ndani ya mmea, hicho huzuia machipukizi yasizidi. Tena mizizi hukitoa udongoni ili kuwaita kuvu wanaoisaidia kupata fosforasi. Udongo ukichoka, mche huita zaidi. Kwa bahati mbaya, wito huo huiamsha pia mbegu ya kiduha, ndogo kama vumbi, iliyokuwa imelala ardhini pengine kwa zaidi ya miaka 10. Ikisha kuamka hujishikiza kwenye mzizi na kunyonya. Maua yakionekana, mtama umekwisha kudumaa.

Mwaka 1966 wataalamu walitangaza kwamba wamekipata kichocheo cha kwanza cha jamii hii katika mizizi ya pamba. Hapo pana faida kwetu: pamba huamsha kiduha, lakini kiduha hakiwezi kuinyonya, nacho hufa kwa njaa. Hivyo kupokezana pamba na mtama shambani ni kumtegea adui mtego.

Aidha, mwaka 2002 nchi yetu iliidhinisha mbegu za mtama za Hakika na Wahi, ambazo mizizi yake hutoa wito hafifu. Asili yake ni kazi ya Profesa Gebisa Ejeta, mwana wa Ethiopia, aliyetunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2009.

Ndugu, kung'oa kiduha kabla hakijatoa mbegu ni lazima, lakini peke yake hakutoshi. Tuulishe udongo kwa samadi iliyooza vizuri, tubadilishe mazao, tudai mbegu zinazostahimili. Nao mabwana shamba wasiishie kumwamuru mkulima apalilie, wamweleze sababu. Mama anayeinama na jembe kutwa nzima anastahili kujua ni nini kinachotendeka chini ya jembe lake. Elimu inayobaki katika vituo vya utafiti haijamkomboa mtu.