Yanayotokea Kinywani Tukiwa Usingizini

Hotuba ya madaktari wa meno wanaojitolea katika zahanati ya hekalu, iliyotolewa Siku ya Afya ya maadhimisho



Tumeombwa tuseme machache kuhusu afya ya kinywa. Huenda mlitarajia habari za mswaki na sukari. Wanaotafuna tambuu nao watuwie radhi, siku yao itafika. Leo tumechagua jambo ambalo sisi wenyewe tulichelewa kulizingatia, nalo ni usingizi.

Alikuwapo dereva mmoja wa lori la masafa marefu, mtu wa makamo, mnene wa shingo na mcheshi sana. Jino lake la nyuma lilivunjika, tukaliziba. Zibo likang'oka, tukaliziba tena. Aliporudi mara ya tatu tuliona meno yake yamelika mpaka yamekuwa bapa, fizi zimevimba, na ukingo wa ulimi una alama za meno. Tukamhimiza apige mswaki kwa bidii. Siku hiyo alifuatana na mkewe, naye ndiye aliyetuuliza: "Madaktari, mbona hamumuulizi habari za usiku? Mume wangu hukoroma mpaka majirani wanasikia, kisha hunyamaza ghafla, nami hukaa nikisubiri avute pumzi." Tuliona haya. Dalili zilikuwa mbele ya macho yetu muda wote huo, nasi tulikuwa tukihesabu matundu.

Hali hiyo huitwa apnia ya usingizi. Mtu alalapo, misuli ya koo hulegea; kwa baadhi ya watu ulimi na nyama laini za kooni hurudi nyuma zikaziba njia ya hewa. Pumzi ikikatika kwa sekunde 10 au zaidi, hiyo huhesabiwa mara moja. Wako ambao hukatika pumzi zaidi ya mara 30 kwa kila saa. Kila mara ubongo humshtua mgonjwa avute hewa, na asubuhi hakumbuki lolote, ila huamka na kichwa kizito na kusinzia mchana. Kwa mtu ashikaye usukani wa lori, hatuna haja ya kueleza hatari yake. Tena hali hii mara nyingi hufuatana na shinikizo la damu.

Meno yanahusikaje? Mwenye kukoroma aghalabu hupumulia mdomo, na mate hukauka. Mate hayo huosha kinywa, hupunguza ukali wa asidi, na hubeba madini yanayoimarisha meno. Hata kwa mtu mwenye afya mate hupungua sana usiku. Kinywa kikiwa wazi mpaka alfajiri, meno hubaki bila mlinzi. Kuoza huongezeka, na harufu ya asubuhi huwa kali kuliko kawaida. Ugonjwa wa fizi na kusaga meno vimeonekana mara nyingi kwa watu wenye apnia, lakini haijathibitishwa kwamba kimoja ndicho kizaacho kingine. Kisukari na tumbaku, kwa mfano, huathiri fizi hata kwa asiyekoroma kabisa. Twasema hivi ili asiwepo wa kurudi nyumbani akatangaza kwamba mkoromo hung'oa meno.

Kuthibitisha ugonjwa si kazi yetu. Ni kazi ya daktari anayepima usingizi wa usiku mzima kwa vyombo. Tiba iliyozoeleka ni mashine inayosukuma hewa kwa barakoa, iliyoelezwa mwaka 1981 na Colin Sullivan na wenzake huko Australia. Baadhi ya wagonjwa, hasa ambao hali yao si kali sana, huweza kutumia kifaa cha kinywani kinachovuta taya la chini mbele ili koo libaki wazi. Hapa ndipo fizi zinapodai haki yao: kifaa hicho hushikiliwa na meno. Aliyeacha meno yake yakalegea huenda akakosa tiba hiyo siku atakapoihitaji.

Tunaomba pia msinunue kiholela vile vikinga vya kuzuia kusaga meno. Kwa baadhi ya watu wenye apnia, kikinga cha taya la juu pekee huweza kuzidisha kukatika kwa pumzi. Na anayetumia mashine ya hewa asiiache kwa sababu kinywa kinakauka. Aje tumwone, kwani mara nyingi barakoa inavuja au mashine inahitaji chombo cha unyevu.

Dereva wetu alipimwa, akakutwa na hali kali, na sasa hulala na mashine. Zibo la nne halijang'oka. Nasi tumeongeza maswali matatu katika fomu ya zahanati: Je, unakoroma? Je, kuna aliyekuona ukikatika pumzi? Je, unasinzia mchana? La pili mgonjwa hawezi kulijibu mwenyewe, kwa hiyo anayekuja kwetu na afuatane na yule anayelala chumba kimoja naye.