Rezo Itoke ku Biro: Kazi ya Kufikisha Wifi ku Ushoni na ku Mashine

(Maneno ya timu ya uwanja kwenye mkutano wa wanachama, Baraka. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.)

Mama mwenyekiti ametupa nusu saa, na mama wa ushoni wametuonya tusitumie maneno ya shule. Tutajaribu.

Tumeombwa tueleze ile kazi ya rezo. Waliorudi kutoka Nyarugusu wanasema mtandao, waliobaki hapa wanasema rezo, vijana wanasema koneksio. Ni kitu kimoja, kama vile wengine wanasema jenereta na wengine grupu, na vyote vinakunywa mafuta yaleyale.

Mnakumbuka hali ilivyokuwa. Kisanduku cha wifi, chenye kadi ya simu ndani yake, kilikaa ku biro, juu, nyuma ya kabati la chuma. Aliyeketi kwenye kiti cha sekreteri alipata rezo nzuri. Aliyesimama barazani alipata nusu. Ku ushoni hakuna. Ku depo hakuna. Kule chini ku mashine ya kusaga, ambako mama wanangoja zamu saa mbili, saa tatu, hakuna kabisa. Kwa hiyo kila jioni watu walikuja kuegemea ukuta wa biro, simu mkononi, kama kuku wanaotafuta kivuli. Sisi tulicheka. Tuseme ukweli wote: tuliupiga picha ule ukuta, tukaitia picha kwenye ripoti ya wafadhili, na chini yake tukaandika kwamba wanachama wanafurahia intaneti.

Halafu binti mmoja wa ushoni akafuatwa. Alikuwa akingoja dada yake aliyebaki Nyarugusu apate nafasi ya kuongea, na nafasi ya dada yake huja usiku. Aliondoka ukutani saa tatu usiku, wanaume wawili wakamfuata mpaka karibu na kisima. Alikimbia, akaingia nyumba ya watu, wakamfungia mlango. Hakuumizwa, tunamshukuru Mungu. Lakini wiki nzima hakuonekana ku ushoni, na mama yake akaja ku biro na swali moja tu: «Hii rezo iko ya nani?»

Hatukuwa na jibu zuri. Kwenye kikao cha komite wengi walisema tuifunge rezo saa kumi na mbili jioni, basi, mambo yaishe. Lile ni jibu rahisi, na mikono mingi iliinuka. Lakini angalieni lilivyokuwa: binti amefuatwa na wanaume, na anayenyang'anywa kitu ni binti. Tukaomba mwezi mmoja tujaribu kupeleka rezo mahali watu wanapofanyia kazi mchana, kabla ya kuifunga usiku.

Tulianza vibaya. Tulinunua haraka visanduku viwili vya kurudia rezo, vile vinavyoitwa ripita, dola 45 kila kimoja. Muuzaji alisema vinafika mita 300. Tulichomeka kimoja ku ushoni, taa zikawaka za kijani, tukapiga makofi. Hakuna kilichofunguka. Tulikuja kuelewa baadaye: ripita hairudii isipokuwa kile inachosikia. Ukiiweka mahali ambapo rezo imekufa tayari, inakurudishia maiti. Na hata ukiiweka mahali pazuri, ripita ya bei ndogo inasikiliza na kusema kwa njia ileile, kwa hiyo mwendo unashuka karibu nusu. Dola 90 ziliondoka hivyo. Wafadhili wetu, mtaziona kwenye hesabu, mstari wa sita. Tumeandika «kosa la timu», hatukuandika «vifaa mbalimbali».

Baada ya hapo ndipo tulipofanya kile tulichopaswa kufanya kwanza, nacho hakina bei: kupima. Tuliweka kwenye simu programu ya bure inayoonyesha nguvu ya rezo kwa namba, tukatembea parsele nzima kama watu wanaotafuta ufunguo uliopotea. Zile namba zina alama ya kutoa mbele, na kadiri zinavyokaribia sifuri ndivyo rezo inavyokuwa na nguvu. Kutoa 50 ni nzuri sana. Kutoa 67 bado unaweza kuongea na mtu kwa picha. Ukifika kutoa 80, sauti inakatika. Mbele ya mlango wa depo tulisoma kutoa 70. Tulipoingia ndani na kufunga mlango, kutoa 88. Hatua mbili tu! Sababu ni kwamba depo yetu ni mabati juu na mabati pembeni, na bati linairudisha rezo kama linavyorudisha mwanga wa jua. Ukuta wa matofali ya udongo hauna ubishi sana, ila ukilowa mvua unaanza kuimeza. Na miti yenye majani mengi vilevile, kwa sababu ya maji yaliyo ndani ya majani.

Kupima kulitufundisha pia kwamba adui wa kwanza alikuwa lile kabati la sekreteri. Tulikitoa kisanduku nyuma ya chuma, tukakifunga ukutani karibu na dirisha linalotazama ushoni. Baraza lote likapata rezo siku hiyohiyo, kwa gharama ya misumari miwili. Sekreteri hakufurahi, lakini amekubali.

Ku ushoni tulipeleka kable. Ni mita 34, na kable ya namna hii inaruhusiwa mpaka mita 100, kwa hiyo tulikuwa salama. Hapa tunaomba wenzetu wa vyama vingine watusikilize, maana sokoni kuna kable za aina mbili zinazofanana. Moja ni shaba mpaka ndani. Nyingine ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Ni nafuu, ni nyepesi, na inakatika ukiikunja mara chache. Kata kipande kidogo, kwangua uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe ndani, rudisha. Halafu chukua ile nyeusi ya nje, maana ya kijivu ni ya ndani ya nyumba, jua letu linaipasua. Tuliipitisha ndani ya mpira wa maji, tukaifukia ili jembe la mtu lisiikate.

Mwisho wa kable, ku ushoni, tuliweka ruta ya zamani iliyoachwa na mradi uliokwisha. Siku tatu ilitusumbua. Simu zinaona rezo, zinaingia, lakini hazifungui kitu. Kumbe ile ruta ya zamani nayo ilikuwa inagawa anwani kwa kila simu, na kisanduku cha biro nacho kinagawa. Ni kama nyumba yenye mabwana wawili, watoto hawajui wamsikilize nani. Tuliizima ile kazi ya kugawa kwenye ruta ya ushoni, tukachomeka kable kwenye tundu mojawapo la kawaida, siyo lile lililotengwa kwa ajili ya kupokea intaneti. Ikakubali. Tunasema haya kwa urefu kwa sababu karibu kila mtu anayejaribu kazi hii anakwama papo hapo, na wengi wanatupa ruta nzima wakidhani imekufa.

Ku mashine ni mita 180. Kable haifiki. Na hata ingefika, tungeogopa radi. Mashariki ya Congo ni kati ya mahali ambapo radi inapiga mara nyingi zaidi duniani kote, hilo hata bila wataalamu tunalijua kwa masikio. Waya mrefu wa shaba kati ya nyumba mbili unaweza kuubeba moto wa radi kutoka nyumba moja na kuuingiza nyingine, ukaua vifaa vya pande zote mbili. Kwa hiyo kule tulitumia antena mbili ndogo, kila moja kama sahani ya chakula, moja juu ya biro na moja juu ya mashine, zinatazamana na kuongea zenyewe kwa zenyewe. Nguzo zake tumezishusha waya wa ardhini. Antena mbili zilitugharimu dola 110 pamoja na usafiri.

Kuonana tu hakutoshi. Kati ya antena hizo panatakiwa nafasi wazi kuzunguka ule mstari, na kwa umbali wetu, katikati ya njia, ni kama mita moja na nusu kila upande. Pale katikati kuna mwembe wa mzee wetu mmoja, mnaujua. Vijana walikuja na panga. Mzee akakaa chini ya mti wake bila kusema neno. Aliupanda mwaka aliorudi na meli kutoka Kigoma, na watu wote wa umri wake wanajua ni mwaka gani na nani hakurudi naye. Tukaziinua nguzo mita mbili zaidi, kwa mabomba ya chuma ya mradi wa maji wa zamani. Mwembe uko pale. Bomba ni bora kuliko mti wa mianzi, kwa sababu mwanzi unayumba, na antena ikiyumba rezo inakwenda na kurudi.

Kuna jambo lingine ambalo hakuna karatasi ya maelezo inayoliandika. Siku ya kuzipanga antena, kijana wetu juu ya bati alipiga kelele: «Lenga! Lenga tena, kushoto!» Mama mmoja aliyekuwa ku mashine akaangusha ndoo ya unga, akamshika mtoto, akakimbia. Tulimkuta nyuma ya choo. Kwa mtu aliyetoka alikotoka, mwanaume juu ya nyumba mwenye bomba na neno lile, ni nini kingine? Tulimwomba msamaha, tukamjazia ndoo yake. Tangu siku ile tunasema «geuza», na kabla ya kupanda juu ya nyumba yoyote tunapita kwa majirani. Kwa shefu wa kartie tulikwenda na barua siku nne kabla, na nakala kwa askari wa kituo, yenye picha ya antena na maelezo kwamba inaongea na mashine yetu tu. Wiki ya pili askari walikuja kuuliza kweli. Tulionyesha barua yenye muhuri, wakanywa maji, wakaondoka. Bila ile barua tungekuwa na mazungumzo marefu, na pengine ya bei kubwa.

Umeme: vifaa vyote pamoja vinakula kama wati 20. Kwa siku nzima na usiku ni wati-saa 480. Batri yetu ya ampea 100, volti 12, inabeba 1200, lakini batri ya namna hii ukiimaliza zaidi ya nusu unaiua mapema. Maana yake tuna usiku mmoja na mvua kidogo, siyo siku mbili za mawingu. Ndiyo sababu saa nne usiku rezo inalala mpaka saa kumi na moja asubuhi. Ni kwa ajili ya batri, na saa hiyo inawahusu wote, komite pia.

Kuhusu forfe ya mwezi: rezo ya ushoni na ya mashine zina jina lake na neno la siri lake, na tumeziwekea kiasi ili video za mtu mmoja zisizibe wengine. Kila mwanachama anatoa franga 1000 kwa mwezi. Anayekosa anaongea na mweka hazina, hafukuzwi. Mwezi uliopita tulipungukiwa kidogo, mfuko wa chama ukajazia. Wafadhili walilipa vifaa. Forfe hawalipi, na sisi ndio tuliopendekeza hivyo.

Ku ushoni sasa mabinti wanatazama mishono wakiwa wamekaa kwenye cherehani. Ku mashine mama wanaongea na watoto wao walio Kigoma na hata Marekani, mchana, kelele za mashine nyuma yao. Mama mmoja anatoka nje kabisa, anasimama chini ya antena, akidhani pale ndipo inapotoka. Tumemweleza mara mbili. Anasema pale anasikia vizuri zaidi, na sisi tumeacha. Yule binti amerudi. Dada yake amebadilisha saa.

Ukutani kwa biro bado wanakuja vijana wanne, watano, jioni. Hao wanatoka nje ya chama, na hatujajua tufanye nao nini. Tunalileta kwenu leo mlijadili baada yetu.

Iliyobaki ni depo. Kule tutapitisha kable mpaka ndani, maana bati halitabadilisha tabia. Ni mita 61, mfereji wa shubiri mbili kwenda chini, na tunaanza Jumamosi saa moja asubuhi. Mwenye jembe aje nalo, mwenye sururu tafadhali zaidi, kuna mawe upande wa choo. Uji utakuwepo.